Batamuriza aolewe na Shema? Mchezo wa redio uliowagawa wasikilizaji, na fundisho la chumvi ya Kivu

Butembo – Mwaka wa 2004, katika nchi jirani ya Rwanda, kulizuka swali lililowagawa watu waliokuwa wakisikiliza redio: je, Batamuriza aolewe na Shema? Wazee walikuwa na jibu lao, vijana lao. Batamuriza hakuwa mtu wa kweli, na Shema vilevile. Wote wawili walikuwa wahusika wa mchezo wa redio ulioitwa Musekeweya, jina la Kinyarwanda lenye maana ya mapambazuko mapya. Lakini wasikilizaji waliwazungumzia kama majirani wa mlango wa pili. Walicheka nao na kuwahuzunikia, na wengi waliwaandikia barua watayarishaji.

Hadithi yenyewe ilikuwa rahisi kufuata. Kuna vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, vinavyotazamana. Udongo mzuri ni mdogo na watu ni wengi. Upande mmoja unapata neema, mwingine unaona umeonewa. Maneno ya chuki yanaanza chini chini, kisha viongozi wanayapandisha, mpaka siku kijiji kimoja kinashambulia kingine. Watu wanakufa, wengine wanakimbia makwao, waliobaki wanaishi na majeraha ya moyoni. Katikati ya hayo, Batamuriza, binti wa Bumanzi, anapendana na Shema, kijana wa Muhumuro. Tena kaka yake Batamuriza ni mmoja wa wale wanaochochea vita. Kumpenda Shema ni kumpinga kaka wa damu.

Msikilizaji wa Beni, wa Butembo au wa Lubero haitaji kuelezwa sana uzito wa jambo hilo. Hoja za wazazi katika kisa kama hiki zinajulikana: hatujui ukoo wao, watu wao walitutenda nini, watoto watakaozaliwa watakuwa wa nani, vita vikirudi binti yetu atasimama upande gani? Hoja za vijana zinajulikana pia: yeye hakumuua mtu, alikuwa mtoto, mimi siolewi na kijiji, ninaolewa na mtu. Musekeweya ilizichukua hoja hizo zote na kuziweka vinywani mwa wahusika, wiki baada ya wiki, bila kuharakisha jibu.

Kwa nini redio, na kwa nini mapenzi

Watu waliotengeneza mchezo huo walikuwa na sababu ya kuchagua redio. Miaka kumi kabla, mwaka wa 1994, redio iliyoitwa RTLM ilikuwa imetumika Rwanda kuchochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ilitangaza kwa lugha ya wananchi, kwa muziki na mizaha, na watu waliipenda kabla hawajaona mahali ilipokuwa ikiwapeleka. Shirika la La Benevolencija kutoka Uholanzi, lililoanzishwa na George Weiss, lilitaka chombo kilekile kifanye kazi ya kinyume. Mtaalamu wa saikolojia Ervin Staub, aliyechunguza jinsi jamii zinavyofikia mauaji ya wengi, alitoa misingi ya mafundisho, na waandishi Wanyarwanda wakayageuza kuwa hadithi ya vijijini.

Majina ya Wahutu na Watutsi hayakutamkwa katika mchezo. Baada ya mauaji, serikali ya Rwanda ilikataza siasa za kikabila, na kuzungumzia makabila hadharani kulikuwa jambo la hatari. Badala yake kukawa na Bumanzi na Muhumuro. Kila msikilizaji alielewa, lakini hakuna aliyelazimika kusema. Hapo ndipo uchumba wa Shema na Batamuriza ulipopata nguvu. Mtu ambaye asingethubutu kusema mbele ya jirani, “mimi sitaki mwanangu aoe kwenu”, aliweza kusema, “huyu Batamuriza anakosea.” Na jirani aliyesikia aliweza kumjibu bila ugomvi, kwa sababu waliyekuwa wakimjadili ni msichana wa redioni.

Njia hiyo haikuanzia Rwanda. Huko Mexico, mtayarishaji Miguel Sabido alitoa mwaka wa 1975 mchezo wa televisheni ulioitwa Ven Conmigo, uliohimiza watu wazima warudi kujifunza kusoma na kuandika. Alipanga wahusika wa aina tatu: mwema, mbaya, na yule wa katikati anayevutwa huku na huku. Mtazamaji humfuata zaidi yule wa katikati, kwa sababu anajiona ndani yake. Nchi nyingi ziliichukua njia hiyo. Kenya ilikuwa na mchezo wa redio wa Kiswahili, Ushikwapo Shikamana, uliosikika kuanzia mwaka wa 1987. Mwaka wa 1993 Redio Tanzania ilianza Twende na Wakati, hadithi ya dereva wa lori aliyeitwa Mkwaju. Kila kituo anachosimama, Mkwaju ana mwanamke. Mkewe Tunu anabaki nyumbani na watoto, anavumilia, kisha polepole anaanza kujitegemea.

Nchini Tanzania wasikilizaji walikuwa na swali lao la ndoa: Tunu avumilie mpaka lini? Lilikuwa swali la mapenzi, lakini chini yake kulikuwa na ukimwi na uzazi wa mpango, mambo ambayo mume na mke wengi walishindwa kuyaanzisha kitandani. Watafiti waliiacha Dodoma kwa miaka miwili, 1993 hadi 1995, bila kurushiwa mchezo huo, ili walinganishe na mikoa iliyousikia. Baadaye Dodoma nayo ilifunguliwa. Kwa hiyo kabla ya Musekeweya, Afrika ya Mashariki ilikuwa tayari imeona kwamba wahusika wa redio wanaweza kufungua mazungumzo ndani ya nyumba.

Kile kilichobadilika Rwanda, na kile ambacho hakikubadilika

Je, mchezo wa redio unabadili moyo wa mtu? Swali hilo lilifuatiliwa kwa makini na mtafiti Mmarekani, Elizabeth Levy Paluck. Kwa mwaka mmoja, 2004 na 2005, watu karibu 480 walisikiliza redio kwa vikundi. Kati yao kulikuwa na raia wa kawaida, manusura wa mauaji ya 1994, watu wa jamii ya Batwa, na wafungwa walioshtakiwa kwa mauaji hayo. Vikundi vingine vilisikiliza Musekeweya. Vingine vilisikiliza mchezo mwingine, uliohusu afya. Wasaidizi walileta kaseti kila mwezi, watu wakakaa pamoja na kusikiliza.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka wa 2009, yaliwashangaza wengi. Imani za watu hazikubadilika sana. Mtu aliyekuwa na wasiwasi na ndoa za mchanganyiko aliendelea kuwa nao. Lakini kitu kingine kilisogea: yale ambayo watu waliona yanakubalika na kufanyika katika jamii yao. Waliosikiliza Musekeweya walikuwa wachache zaidi kusema kwamba wanawashauri watoto wao waoe au waolewe na watu wa kundi lao tu. Walikuwa wachache pia kukubali kwamba mtu asiyeridhika na jambo anapaswa kunyamaza.

Tofauti hiyo ilionekana hata mwishoni mwa utafiti. Kila kikundi kilipewa zawadi ya redio ya kaseti pamoja na kaseti 14 za mchezo, mali ya wote. Nani ataitunza? Katika vikundi vya mchezo wa afya, watu walielekea kuikabidhi haraka kwa kiongozi wa mtaa. Katika vikundi vya Musekeweya mtu alisimama na kupinga: kwa nini kiongozi, wakati zawadi ni yetu sote? Wakabishana, kisha wakapanga namna ya kuitunza kwa pamoja. Katika nchi ambayo watu walikuwa wameamriwa kuua na wengi wakatii, mabishano hayo madogo juu ya redio moja hayakuwa jambo dogo.

Kuhusu wachumba wenyewe, waandishi hawakuwaua, ingawa hadithi nyingi za mapenzi ya maadui huishia makaburini. Shema na Batamuriza waliwakusanya vijana wa pande zote mbili wakaanzisha kundi la amani na ushirikiano. Kwa kufanya hivyo waandishi walimwambia msikilizaji kwamba watu wawili wanaweza kusimama, na wengine wakawafuata.

Kivu: mjadala uliogeuka

La Benevolencija ilifika pia Kongo, ikatoa mchezo wa Kiswahili ulioitwa Kumbuka Kesho. Hapa Paluck alifanya utafiti mwingine, mashariki mwa nchi, uliochapishwa mwaka wa 2010, na fundisho lake linawagusa wakaaji wa Kivu moja kwa moja.

Safari hii swali lilikuwa tofauti. Mchezo ulirushwa katika maeneo yote ya utafiti. Lakini katika baadhi ya maeneo, yaliyochaguliwa kwa bahati, mchezo ulifuatwa na kipindi cha mjadala. Mtangazaji aliwaomba wasikilizaji wazungumze walichosikia, wajaribu kujiweka mahali pa mtu wa upande mwingine, na wavumiliane. Kwa macho ya wengi hilo ni jambo jema bila shaka. Nani angepinga watu kuzungumza?

Baada ya mwaka mmoja, watu 842 waliulizwa. Wale waliosikia kipindi cha mjadala walikuwa wamezungumza zaidi, kama ilivyotarajiwa. Lakini walikuwa pia na uvumilivu mdogo kuliko wale waliosikia mchezo peke yake, na walikumbuka zaidi mabaya waliyotendewa. Kisha ukaja mtihani wa chumvi. Kila aliyeshiriki alipewa chumvi kama shukrani, akaulizwa kama yuko tayari kugawa sehemu yake kwa watu wa kundi asilolipenda. Waliosikia mjadala walikuwa wagumu zaidi kutoa.

Matokeo haya hayasemi kwamba mchezo ulileta chuki. Mchezo ulisikika pande zote. Kilichopimwa ni kile kilichoongezwa juu yake, yaani mwaliko wa kujadili. Wala hayasemi kwamba Wakongomani hawajui kuzungumza. Rwanda ya 2004 ilikuwa nchi iliyotoka vitani miaka kumi nyuma, yenye serikali iliyodhibiti maneno. Kivu ilikuwa bado na bunduki msituni. Mtu anayeombwa kumfikiria jirani asiyempenda, wakati mashamba yake bado yamekaliwa na ndugu zake hawajazikwa vizuri, kwanza hufikiria kilio chake mwenyewe. Anapokisema mbele ya watu wa kundi lake, wanamjibu kwa vilio vyao. Kila mmoja anaongeza kuni, na mwishoni mwa jioni moto ni mkubwa kuliko ulivyokuwa asubuhi.

Tofauti na vikao vya vikundi vya Rwanda inaonekana hapo. Kule watu walikuwa na Batamuriza katikati yao, wakabishana juu yake. Mjadala unapomwacha Batamuriza na kuingia moja kwa moja katika “wao walitufanyia”, mchezo umekwisha, na kilichobaki ni kesi isiyo na hakimu.

Butembo na Beni leo

Katika eneo la Butembo na Beni redio bado ni mwenzi wa nyumbani. Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, inasikika kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Pamoja nayo kuna redio za Kanisa na za jamii, zenye vipindi vya wasikilizaji kupiga simu. Na wanaosikiliza hawatoki tena mahali pamoja. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 katika wilaya ya Beni, familia zimekuwa zikitoka Eringeti, Mbau, Mamove na vijiji vingine kuelekea Oicha, mji wa Beni na Butembo. Kutoka kusini, vita vya M23 vilileta wengine, hasa baada ya Kanyabayonga kuanguka mwishoni mwa Juni 2024. Wengi hawakukaa kambini. Walipokelewa ndani ya nyumba za watu, chumba kimoja kikagawanywa mara mbili.

Watu wanapoishi nyumba moja, vijana wao wanaonana, na swali la Batamuriza linabisha hodi bila redio. Kijana wa mwenye nyumba na binti wa wahami wanapendana. Nani atakwenda kuposa, na kwa nani, ikiwa wajomba wa binti wametawanyika? Mahari ipokelewe na nani, ilhali kijiji ambacho mbuzi wangepelekwa hakina watu? Na kuna swali zito zaidi, lile ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: tunajuaje kwamba watu hawa si wa wale wanaotuua? Mhami anayesikia swali hilo nyuma ya mlango anaumia mara mbili. Mwenye nyumba anayeliuliza, mara nyingi naye amezika mtu.

Wakaaji wa Beni na Butembo wamekwisha kuona jinsi maneno matupu yanavyoshindwa. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, vipindi vya redio na mikutano vilikuwa vingi. Uvumi nao ulikuwa mwingi, na uliongezeka uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo. Kabla ya mlipuko kutangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Waliopona waliogopwa na baadhi ya majirani. Lakini baadhi ya waliopona, kwa kuwa walikuwa na kinga, walikwenda kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Mama aliyetoka hospitali akamkuta mwanawe amebebwa mikononi mwa mtu aliyekuwa akiogopwa jana, alihitaji maelezo kidogo sana.

Hilo linafanana na lile la Rwanda. Moyo wa mtu haugeuki kwa hotuba, lakini macho yake huona yale ambayo majirani wameanza kuyakubali. Kikao cha kwanza cha posa kati ya wenyeji na wahami katika mtaa ni kigumu. Kikao cha tatu hakishangazi mtu.

Kwa hiyo vikundi vya wasikilizaji, vijana wa parokia na akina mama wanaokutana kusikiliza vipindi vya amani wana jambo la kuchukua katika historia hii. Mchezo ukiisha, mazungumzo yabaki kwanza kwa wahusika: Batamuriza angefanya nini, kaka yake aliogopa nini, wazazi wa Shema walikosea wapi. Wa pande zote wawemo chumbani, wenyeji na wahami, si kundi moja likizungumza juu ya jingine lisilokuwepo. Na vilio vya kweli, ambavyo ni vingi, vipewe mahali pake na watu wa kuvisikiliza kwa utaratibu, kwenye kikao cha wazee, kwa mshauri wa waliojeruhiwa moyo, au mbele ya sheria, badala ya kurushiana hewani dakika kumi na tano kisha kila mtu akarudi nyumbani na hasira.

Mtihani ule wa chumvi haukuwa wa ajabu kwa watu wa Kivu. Chumvi ndicho kitu ambacho jirani humtuma mtoto kuomba jioni, bila haya, moto ukiwa tayari umewashwa. Katika nyumba nyingi za Butembo na Beni zinazokaa na wahami, chumvi hiyo inagawanywa kila siku, na hakuna mtafiti anayehesabu. Familia hizo zimeanza kujibu swali la Batamuriza kabla mtu yeyote hajaja kuposa.